Mjomba wa Kwenye Nyota

Morogoro,
Novemba 1999

Kwa Mjomba Stambuli, Gairo,

Shikamoo mjomba. Sisi huku wazima, ila banda la video limegawanyika.

Zimekuja kanda mpya za zile picha za vita vya nyota. Za zamani unazikumbuka: mfalme mwenye jicho la kioo anamfukuza kijana sayari hadi sayari. Luqmani, mtafsiri wetu, alituambia yule mfalme ni mjomba wa kijana, amekalia chombo cha angani cha ukoo. Waluguru wote bandani tulielewa mara moja, maana kwetu mali ya ukoo hupitia kwa mama, na mjomba huwashikia tu wapwa zake.

Hizi mpya anatafsiri Castory, aliyesoma Kiingereza. Anasema wale si ndugu kabisa, wanagombea cheo tu. Vijana waliopunguzwa kazi kiwandani wanazisifu, eti vyombo vinang'aa. Sisi tunasema picha imekufa. Nani atamfukuza mwenzake mbingu nzima kwa ajili ya cheo? Luqmani alipobanwa akajibu, "Kiingereza sikukisikia vizuri, lakini jicho la mjomba nalijua."

Mama anakusalimu. Yuko Mkuyuni, anapalilia migomba kwenye shamba la bibi. Juzi alikuja mtu na kamba ya kupimia, akasema umemuuzia shamba hilo. Mama akampa uji, kisha akamwambia amepotea njia.

Mimi nimebaki upande wa kanda za zamani. Kwa tafsiri ya Luqmani, mwishoni mjomba anashuka na kumkabidhi mpwa wake ufunguo wa chombo. Castory anaapa kwamba sehemu hiyo haimo.

Njoo utuamulie mwenyewe.

Mpwa wako,
Mwajuma