Wadudu Weusi wa Shamba la Mama

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Ni matumaini yangu mnaamka salama. Mimi sijambo; hapa kwenye kituo cha utafiti wadudu ninaowafuga wanakula vizuri kuliko mimi.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara tatu. Unasema kabichi zote zimekatwa shinani, unazikuta asubuhi zimelala kama zimefyekwa, na ukifukua udongo unakuta sota, wale viwavi wakata-miche, wamejikunja, wamenona. Umepulizia dawa mara ya pili, wapi! Tena unasema jirani, ambaye mmetenganishwa na ukingo wa majani tu, kabichi zake zimefunga kama mawe, ndiyo maana ulimwendea ukamwita mchawi mbele ya wanawe. Wifi ameongeza kwa mwandiko wake kwamba uling'oa mashina yote, ukakaa kwenye tuta ukalia.

Jirani si mchawi. Wale wadudu weusi wanaong'aa, wenye miguu ya mbio, wanaojificha mchana chini ya mabonge ya udongo, hawali kabichi. Usiku hutoka kuwinda. Humbana sota kwa mataya, humtemea mate ya kuyeyusha nyama, kisha humfyonza angali anajinyonganyonga. Hata watoto wao ni wawindaji, humo humo udongoni. Wengi wao hawaruki. Ukishawaua, wenzao huja kwa miguu, taratibu, tena wakipata majani ya kujistiri. Sota mama yake ni nondo. Huyo huruka akataga popote.

Ulipoanza kupanda uliniuliza weusi hao ni nini. Nikakujibu kwamba ndio maadui, uwapulizie chini ya kila bonge, na majani ya ukingoni upande wako uyachome. Ulinishukuru sana. Wiki ile ile jirani naye aliniuliza, nikamwambia asiwaguse.

Usijifariji kwamba nilikosea. Nimewafuga miaka tisa. Nilijua, kaka.

Mama alipofariki ulinipa habari siku ya nne, ameshazikwa. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu, “Ungekuja kutuletea ugomvi wa shamba tu.” Shamba! Mimi nilitaka kumwosha mama yangu. Nywele zake nani alizichana? Mpaka leo hujaniambia, na mimi sitauliza tena.

Nilifikiri ningesikia uchungu kusoma kwamba umelia. Nilimaliza chai yangu, nikarudi kazini. Wifi tu ndiye aliyenitia simanzi, na hata huyo si kwa muda mrefu.

Msimu ujao usipande chochote. Hakuna wa kukulindia. Nisalimie wote hapo nyumbani, watoto wasome kwa bidii. Barua hii usihangaike kuichana. Nakala yake nimemtumia jirani, na nimemwomba awasomee wanawe.

Ni mimi mdogo wako,
tumbo moja.