Dubu Wetu Ukutani mwa Kanisa

Kaka yangu mpendwa Kiril,

Pokea salamu za mdogo wako Zlatina. Sisi huku hatujambo, ila mguu wa mama, unaolalamika kila mvua ikikaribia. Wewe je, baridi ya bandarini Varna inakuonaje? Dubu wetu Grozda naye mzima, manyoya yanang'aa, na bado ni mwizi wa asali.

Mwaka huu tulipofika Gorno Izvor na dubu wetu, tuliikuta aibu inatungoja. Mchoraji Dimo, yule mwenye maringo, alikuwa amechora Jehanamu barazani mwa kanisa jipya. Motoni yumo mwenye kinu cha unga aliye mwizi, yumo muuza mvinyo uliotiwa maji, na katikati tumo sisi: baba na zeze lake, Grozda kasimama kwa miguu miwili, mashetani wanawavuta. Watoto walituzomea, wakauliza moto wetu tumeuacha wapi. Wagonjwa wa mgongo, waliozoea kulala kifudifudi wakanyagwe na dubu wapone, walitukimbia. Nilijua baba akikosa kazi atamuuza Grozda, nikalia.

Lakini malipo ni hapahapa duniani. Dimo alikuwa akichora dari, mgongo ukakwama, na sikukuu ya Mtakatifu Georgi, aliyotakiwa awe amemaliza, imeshabisha hodi. Akamtuma mkewe amwombe baba amlete dubu kwa siri. Mama alimjibu kwamba mumewe akakandwe na mashetani wake mwenyewe. Baba akasema dubu atakuja, ila mchana kweupe, mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani.

Kaka, kijiji kizima kilijaa! Dimo alilala kwenye nyasi akimsihi baba aishike kamba vizuri, maana anajua alivyomchora huyo dubu. Zeze likalia, Grozda akapanda, akamkanyaga taratibu kama mama anavyokanda unga. Mgongo ukalia kwaa! Dimo akainuka kanyooka, watu wakalipuka kwa shangwe. Bibi mmoja alipiga kelele kwamba wa motoni kamponya aliyempeleka huko. Nilijiona malkia, nakwambia kweli.

Kwa aibu, Dimo alisema atatufuta siku hiyohiyo. Baba akakataa: afute moto na mashetani, sisi atuache. Sasa tumesimama kwenye majani mabichi, karibu na lango la peponi, na padri mwenyewe kacheka akaridhia.

Jambo moja nimelichelewesha makusudi. Tangu uondoke kwa ugomvi, baba alikuwa hajawahi kulitaja jina lako. Basi rangi ikiwa bado mbichi, alimwambia Dimo kwamba kuna mtu kasahauliwa: mwanawe wa kwanza, Kiril, mrefu, mwenye kovu kidevuni. Upo ukutani, kaka, na mkono wa baba uko begani mwako.

Mama anakusalimu sana. Njoo ujione, kabla moshi wa mishumaa haujakufunika.

Nduguyo akupendaye,
Zlatina