Musiwashe Moto Mpaka Nifike

MAELEZO YA SHAHIDI

Poste ya polisi, Bunia, Ituri
Tarehe: 14 Machi 2024, asubuhi
Jina: Masika Emérance
Miaka: 43
Kazi: muuzaji wa samaki na makayabo (samaki ya chumvi), soko ya kati
Makao: kartie Mudzipela, Bunia, mzaliwa wa Butembo
Mbele ya: afisa wa polisi, OPJ Honoré Alimasi

Mimi Masika Emérance nimekuja hapa kwa miguu yangu, hakuna mutu aliyenivuta. Nimeomba komanda aniandikie kwa Kiswahili, sababu Kifaransa changu kinaishia kwa bonjour na bei ya samaki. Nataka kusema juu ya papa Fiacre Ngabu, ambaye mulimufunga jana kwa sababu ya moto. Komanda ameniuliza: moto gani, ya kupikia ama ya kupanda? Nimemujibu: komanda, hapo hapo ndipo kesi ilianzia. Andika zote mbili.

Siye hapa Bunia pikipiki tunaiita moto, na moto ya jikoni ni moto vilevile. Tangu nimehamia hapa, jambo hilo halikuwahi kunipeleka polisi.

Ninatafuta moto ya okazio, iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya Rémy, mudogo wangu wa tumbo moja, ndiye ananiletea samaki toka Kasenyi, kule ziwani. Mwaka jana tulinunua ingine. Muuzaji alituonyesha ikiwa imekwisha kuwaka, inaunguruma vizuri, na siye tukafurahi kama wapumbavu. Kumbe aliipasha tangu asubuhi, na ndani alitia mafuta nzito ili enjini isigonge. Moto ile ikipoa, haiwaki tena. Siku moja Rémy aliizima karibu na Bogoro, akojoe tu, samahani komanda, ikakataa kabisa. Ile njia si ya mutu kubaki peke yake na giza inaingia. Aliisukuma mpaka kijijini, samaki zikaoza zote. Mimi huku nilikaa kwa mulango, namutajia Mungu jina lake. Aliporudi kesho yake nililia, nikamugombeza, kisha nikalia tena.

Tangu siku hiyo niko na sheria moja. Moto ya kununua ninaikuta baridi. Ugonjwa wa enjini unajificha ndani ya joto, lakini moto ikilala, na asubuhi ikaamka bila kubembelezwa, hapo unajua iko na uzima. Kwa hiyo mimi ninatia mukono kwa enjini mbele ya kumusalimia mwenye kuuza. Watu wanasema sina adabu. Nawaambia adabu haisukumi moto.

Mnamo tarehe 12 Machi, magaribi, nilipiga simu kwa namba iliyobandikwa kwa moto moja nyekundu niliyoiona ikipita sokoni na karatasi ya kuuzwa. Alipokea mama Gracieuse, muke wa papa Fiacre. Tulisemezana hivi:

"Mama, kesho asubui nakuja. Musiwashe moto mpaka nifike."

"Hata kidogo, mama?"

"Hata kidogo! Nitagusa na mukono yangu. Nikikuta iko ya moto, narudia kwangu."

Akasema, "Amina."

Ile amina ilinipita. Mutu anauza moto, anasema amina ya nini? Ningeuliza tu, leo ningekuwa sokoni nagombana na wanunuzi wangu.

Tarehe 13, saa mbili na nusu za asubuhi, nilifika kwao Bankoko pamoja na Rémy. Moto iko katikati ya kiwanja, inang'aa, maji inadondoka bado kwa chini. Papa Fiacre amesimama karibu yake na shati ya kanisa. Akasema, "Karibu, mama." Sikuitika. Nilitia mukono kwa enjini, ikanichoma.

Weee! Damu ilinipanda mpaka kichwani. Nililia kwa sauti ya sokoni: "Muizi! Weye ni muizi! Munaniitikia amina, kumbe moto mumeiwasha!" Rémy alinivuta kitenge, "Yaya, tulia, uliza kwanza." Lakini komanda, mimi mudomo wangu unatoka nyumbani asubuhi, akili inafuata saa sita.

Wamotari waliokuwa wanangoja wateja kwa njia panda walisikia maneno mawili tu, muizi na moto. Komanda unajua yakikutana hayo mawili hapa Bunia mutu anafanywa nini. Walikuja mbio. Mumoja alimushika papa Fiacre kwa kola, mwingine aliokota tofali. Nikaanza kusema hapana, si muizi wa namna hiyo, lakini nani ananisikia? Maji yakimwagika hayazoleki. Prezida wao ndiye alisimama katikati, Mungu amubariki, akasema, "Hakuna mutu ya kupigwa hapa. Tumupeleke polisi." Walimuomba makaratasi. Yalikuwa na jina la mutu aliyemuuzia kule Iga Barrière, kama nusu ya moto za muji huu. Basi, wakasema ndiyo hiyo, imeibwa. Wakamuleta kwenu, yeye na moto yake. Alipopita mbele yangu aliniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Hakuuliza kwa hasira. Ningependa angenitukana.

Mimi nilibaki pale kwa kiwanja, nikaona mbabula yao ya makaa. Ilikuwa baridi, na majivu ya jana ndani. Sufuria kavu. Watoto wao wameketi kwa mukeka, wametulia kama watoto walioambiwa wasiombe kitu. Ndipo niliuliza, "Mama Gracieuse, hawa bado kunywa chai?"

Aliniangalia na machozi. "Si weye ulisema tusiwashe moto mpaka ufike? Nilifikiri uko mutu ya maombi. Nikasema huyu mama anataka tufunge pamoja, Mungu abariki biashara. Nikamwambia papa leo tunafunga. Hata chai hakunywa. Akapanda moto mpaka mutoni kuiosha, ikupendeze."

Nilikaa chini, kwa udongo, na kitenge changu cha kanisa. Rémy alianza kucheka, nikamutolea macho, akaacha. Halafu mama Gracieuse mwenyewe akacheka, analia na anacheka, na mimi nikamushika mukono.

Alinieleza kwa nini wanauza. Wao ni wakulima wa Djugu. Siku ya kukimbia vita, moto ile ndiyo iliwabeba wote, watoto mbele na nyuma, yeye na sufuria kichwani. Hapa muji papa Fiacre amelisha watoto nayo kwa kubeba watu. Sasa jirani zao wameanza kurudia, wanasema kumetulia, na mvua imeanza. Wanataka kuiuza wapate majembe, mbegu na mabati. Aliniambia, "Mama, papa akikaa ndani na moto ikakaa polisi, mvua haitatungojea. Tutabaki tena wakimbizi mwaka mzima." Basi, komanda, ule mwaka mzima wa watu ni mimi ningewaibia. Kama kuna muizi wa kutafuta, uanzie hapo.

Nilimutuma Rémy alete mikate na ndizi, watoto wakala. Mama yao alikataa. "Papa iko na njaa kule ndani. Sasa ndiyo nafunga kweli." Nilimwambia nitamwashia mbabula mimi mwenyewe, akasema hapana, mpaka papa arudi. Yule mama ni mupole, lakini kichwa yake ni mawe. Nilimupenda hapo hapo.

Jana ile ile nilikuja hapa, nikaambiwa komanda ametoka kwa kazi, nirudi asubuhi. Nilimuachia papa Fiacre chakula kwa mulinzi. Usiku sikulala. Leo nimerudi pamoja na mama Gracieuse, iko inje kwa mulango.

Ninasema wazi: sikumuona papa Fiacre akiiba kitu, na hakuna aliyemuona. Neno muizi lilitoka kwangu peke yangu. Nilitaka kusema mudanganyifu, na hata hilo si kweli. Yule mutu wa Iga Barrière, Rémy amemupata kwa simu leo asubuhi, komanda mwenyewe amesema naye. Ametaja namba ya shasi bila kuiona, na ni ile ile iliyo kwa moto.

Sasa kuna jambo lingine, nimeomba liandikwe. Moto imelala hapa kwenu usiku wote. Niliomba ruhusa, komanda akakubali. Nimetia mukono kwa enjini, iko baridi kama samaki wangu. Nimetikisa gurudumu ya mbele, haichezi. Nimepitisha kidole chini ya tangi, kutafuta mahali palipovunjika pakafichwa na rangi. Nimekuta mahali pamoja tu, kwa mguu wa kuisimamisha, na hapo hapaui mutu. Papa Fiacre alitolewa ndani. Nilimwambia apige kiki yeye, moto ni yake. Akasema, "Hapana, mama. Piga weye, uamini."

Kiki ya kwanza ilikohoa. Ya pili, ikawaka. Haikuomba kusukumwa, haikuomba kubembelezwa. Niliweka kitambaa cheupe kwa ekizosi, pale moshi inatokea, hakikushika mafuta. Rémy aliitikia kwa kichwa, na yeye si mutu wa kuitikia upesi tangu ile siku ya Bogoro. Hapo papa Fiacre akaanza kueleza kwamba jana enjini ilikuwa ya moto sababu ya mutoni. Nikamwambia, papa, nyamaza, unaniua na haya.

Moto ninainunua. Kwa bei aliyosema, bila kukata. Haijawahi kutokea maishani mwangu, komanda amuulize Rémy. Na nikitoka hapa napita kwanza kwa wale wamotari wa Bankoko. Nitatangaza kwa sauti ileile ya jana kwamba huyu si muizi, ni mutu aliyeosha moto yake na njaa tumboni ili mugeni afurahi.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nimesikia, na safari hii kila neno nililiuliza kwanza maana yake.

Sahihi ya shahidi: Masika Emérance

Kwa upande wa afisa: Nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili cha shahidi, nikinyoosha kidogo tu. Nilikuwapo wakati enjini inapimwa, na ilikuwa baridi. Hakuna mulalamikaji. Ngabu Fiacre ameachiliwa, moto imerudishwa mikononi mwake. Wakati wa kutoka, muke wake, aliyekuwa anangoja kwa mulango tangu asubuhi, ameniuliza: "Komanda, sasa tunaweza kuwasha moto?"

Nimemujibu: "Zote mbili, mama."

OPJ Honoré Alimasi