Nilivyomwita Mtu Mwizi Mnadani

Shikamoo dada yangu Esteri,

Huko Masasi mmeamkaje? Mguu wako umeacha kuvimba? Na mama, macho yanaona kidogo, au bado anawatambua watu kwa sauti? Najua mko kwenye kupulizia mikorosho, na wewe umejifunga kanga puani, unakohoa na kupumzika hutaki. Mimi kwa neema ya Mungu ninapumua. Ila mkono wa kushoto umefungwa plasta, karatasi inatambaa mezani kwa kukosa wa kuishika, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Ulipopiga simu Jumapili nilikuambia nimeteleza bafuni. Ulikuwa umeweka spika ili mama asikie. Sikuteleza, dada. Barua hii isome peke yako kwanza, halafu uamue mama umsomee nini.

Shule ilipofungwa, sisi wapishi tulipewa siku kumi. Kuja huko na kurudi, siku nne zinaishia kwenye basi, nikaona nibaki. Nikatoka shuleni Mvumi nikaenda Dodoma mjini kwa Mama Tabitha, yule tuliyekuwa naye kwaya, sasa anakaa Ipagala. Nikamwambia, "Mwaka mzima nawapikia watu. Likizo hii nataka nikae kwenye benchi, niletewe sahani."

Akacheka. "Basi utaletewa mpaka ukimbie."

Tukala kweli. Jumatatu tulikwenda kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, ugali wa uwele na mlenda, mweusi na mtamu, tukalamba vidole. Keshoye kachori za bibi mmoja wa Kiislamu, wa zile familia za mjini za tangu zamani, akatuongezea mbili kwa kuwa nilimwambia mimi mgeni. Alhamisi tukaenda kula chipsi mayai. Pale wakaangaji wawili walikuwa wanagombea wateja, mmoja akamrushia mwenzake mwiko uliojaa mafuta ya moto. Shingo ya yule kijana ilibabuka mbele ya macho yetu, akaanguka magoti akilia. Watu wakaulizia kachumbari. Mimi mwenyewe nilimaliza sahani yangu. Nakuandikia hilo ili ujue nilikuwa nimefika wapi kabla ya Jumamosi.

Jumamosi Mama Tabitha akanipeleka mnadani, nje ya mji. Huko wanauza ng'ombe na mbuzi, na nyama inachomwa hapo hapo. Mbuzi anachinjwa huku, mwenzake aliyefungwa kamba anatazama. Mashoka yanapasua mifupa juu ya magogo, damu inarukia miguu ya wapita njia, mbwa wanang'atana kugombea matumbo. Unachagua ubavu wako, anayechoma anauchomeka kwenye kijiti kirefu, anakisimika ardhini kuuzunguka moto, pamoja na vijiti vya watu wengine arobaini.

Aliyetuchomea anaitwa Hamisi. Alichanja kijiti changu kwa kisu mara mbili. "Mama, zako hizi, alama mbili. Usiangalie mahali, angalia kijiti."

Nikaitika, "Haya, baba."

Niliitika tu. Dada, nimepika miaka kumi na tisa. Sufuria nikiiweka jiko la pili, nitaikuta jiko la pili, na atakayeisogeza atanitambua. Huku Dodoma mwezi huu upepo hautulii. Ukigeuka, moshi na miali vinageuka, na anayechoma anang'oa vijiti vya upande mmoja anavisimika upande wa pili. Hilo sikulijua. Tulikwenda kununua soda, tuliporudi nikamkuta mwanamume anang'oa kijiti pale pale nilipokiacha changu.

Nikapaza sauti: "Mwizi huyo, anachukua nyama yangu."

Ningeweza kusema, samahani baba, hebu tuangalie. Nilisema mwizi.

Alikuwa mtu wa umri wetu, shuka begani, Kiswahili chake kizito kama cha watu wa vijijini huku. Akageuka kunionyesha kijiti. Akasema, "Mama, alama..." Hakumaliza. Mtu wa kwanza alimpiga kwa kuni iliyokuwa inawaka, mdomoni. Nilisikia meno. Wa pili alimpiga fimbo ya kuchungia nyuma ya kichwa, akaanguka nusu motoni, shuka likashika. Ndipo wakaja wengine, sijui walitoka wapi, wachinjaji na mashoka yao, wachunga ng'ombe, hata mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya alikuja na jiwe. Walimburuta kwa miguu mbali na moto, shuka likazimikia vumbini. Akawa anasema kwa Kigogo, na mmoja akamkanyaga shingo, akasema, "Sema Kiswahili, kama ulivyoiba kwa Kiswahili." Wakacheka, dada. Mwingine akaita watu wa bodaboda walete petroli.

Mama Tabitha alikuwa ananivuta, "Twende, twende, haya si yetu." Nikageuka kumfuata. Hapo ndipo nikakiona kijiti changu, upande wa pili wa moto, alama mbili, mafuta yanachuruzika, nyama haijaguswa na mtu.

Sijui nilipitaje. Najua niling'ata mkono wa mtu. Nilimlalia yule baba kifudifudi, nikasema, "Nimekosea, si mwizi, nyama yangu ile pale." Hawakunisikia. Aliyenisikia akasema, "Mkewe huyo, mwondoeni." Fimbo ikashuka kwenye mkono wangu, nikausikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Nikapigwa na mgongoni. Chini yangu yule baba alikuwa anapumua damu, kila pumzi inabubujika, na petroli ilikwisha kumwagwa, imelowesha kanga yangu na shuka lake. Nilisali kwa sauti. Sikusali vizuri. Nilirudia tu, "Bwana, si yeye, ni mimi."

Hamisi ndiye aliyetuokoa. Aliingia na shoka lake la kupasulia mifupa, akasimama juu yetu. "Atakayewasha namkata mkono. Vijiti navijua mimi. Huyu alama yake moja, kaichukua ya kwake. Mama kakosea. Nani mwenye kiberiti?"

Hakuna aliyekuwa na kiberiti. Nakuambia, kufumba na kufumbua, ikawa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyempiga. Mama wa nyanya alikuwa amerudi kwenye nyanya zake, anazipanga.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Anaitwa Yona, analima upande wa Zuzu, ana watoto watano. Jicho la kushoto limekufa. Taya limevunjika, wamelifunga kwa waya, hatafuni wala hasemi. Daktari alituambia wazi kwamba kufa bado anaweza, damu ilivuja kichwani.

Jioni mkewe akafika, Mama Sara, uwele wameuacha uwanjani haujapurwa. Watu walikwisha mwambia kuna mama alimlalia mumewe. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika miguu. "Mungu amekutuma." Nami nikanyamaza. Siku nne, dada, nilinyamaza. Jumapili mchungaji alinisimamisha kanisani na plasta yangu, watu wakapiga makofi, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Askari alipouliza nani alianza kelele, wote walisema hawajui, nami nilikuwa mmoja wao.

Jumatano nilishindwa kuufungua mdomo kusali. Nikamwita Mama Sara kwenye korido. "Aliyepiga kelele ni mimi."

Akanipiga kofi, nikayumba. Akanipiga la pili. Muuguzi akaja mbio, nikamwambia mwache. Mama Sara aliketi chini akipumua kama aliyepanda mlima, akaniuliza, "Wewe si mpishi?"

"Ndiyo."

"Mimi narudi kwenye uwele, la sivyo watoto watalala njaa mwaka mzima. Uji wake utapika wewe. Atameza kwa mrija. Na kabla ya kupika, nenda kwa askari ukaseme ulichoniambia."

Nimekwenda. Nimeandikisha maelezo, nimeweka na kidole gumba. Wamesema nisitoke Dodoma. Shuleni nimepiga simu, sijui kama kazi ipo.

Yona anajua sasa, mkewe alimwambia. Mara ya kwanza nilipomletea uji alikigonga kikombe, uji ukanimwagikia kifuani. Nikafuta sakafu, nikarudi jikoni. Mara ya pili aligeukia ukutani. Leo asubuhi ameshika mrija mwenyewe, kwa mkono wake, lile jicho moja likinitazama mpaka uji ukaisha. Sijui lilikuwa linasema nini. Sikuuliza.

Msalimie mjomba Petro, na shemeji aliyelala na malaria, na binti yako mkubwa anayetarajia kujifungua. Wamama wa jumuiya waambie wakiomba wasiseme tu "mgonjwa wa Dodoma". Wamtaje jina, Yona. Na mimi mnitaje, lakini baada yake.

Sasa hivi ni saa tisa, na uji wa saa kumi bado sijauchuja.

Mdogo wako akupendaye katika Bwana,
Agnesi