Siyo Mimi Niliyebaki Dukani

Mama Rehema, mke wangu mpendwa,

Uko Lubaga kwa binti yetu, unamwogesha mjukuu mpaka arobaini zake zitimie, nami niko hapa Kisenyi na moyo ambao daktari anasema unaruka mapigo. Ningekupigia simu, lakini ungefoka hadi mtoto aamke. Basi naandika, na barua hii naituma wazi bila bahasha, kwa kuwa uongo wenyewe niliuacha usimame mbele ya mtaa mzima.

Unaikumbuka siku ulipoanguka dukani kwa Juma, fundi cherehani? Ulikuja kujaribu gauni la Idi. Mimi, mwalimu kijana wa baiolojia, nilikuwa nimesimama juu ya kigoda katika suruali iliyojaa pini. Ukapiga ukelele mmoja, ukaanguka, mwili ukakakamaa. Kisha, nisamehe, ukajamba.

Unajua watu wa hapa wanavyoamini: ushuzi wa mwenye kifafa ukikufikia, nawe umekipata. "Kajamba! Tokeni!" akapaza sauti mama mmoja. Nami, niliyekuwa nimefundisha asubuhi hiyohiyo kwamba kifafa hakiambukizi, nikawa wa kwanza mlangoni. Nilikimbia hadi kwenye magereji, nimebana pua, pini zikinichoma kila hatua.

Aliyebaki ni Juma. Niliporudi kuchungulia nilimkuta amekulaza ubavu, amelegeza mtandio shingoni. Midomo yako ilikuwa zambarau, kifua hakipandi wala hakishuki. "Pumua, dada. Pumua tu," alikuwa akisema. Mwishowe mwili ukalegea, ukavuta pumzi kwa mkoromo kama gari bovu linalowaka. Ndipo akaniambia, "Mwalimu, kaa naye, namkimbilia mama yake."

Mama yako alikuwa ameshapata habari, anakuja. Alichokiona ni Juma akitimua mbio barabarani, akimpita bila kumwona, na mimi nimepiga magoti, nimekushika mkono. (Nilipiga magoti kwa sababu ya pini, kukaa haikuwezekana.) "Huyu ndiye mwanamume," akasema. Juma aliporudi anahema, mama yako akamuuliza, "Umefuata mkasi wako?" Juma akanitazama, akingoja niseme. Nikatazama dari.

Ukanikubali kwa ajili ya dakika zile. Juma ukambandika jina la Mbio-mbio, na miaka yote hii hujashona kwake hata kitambaa cha meza. Akikusalimia, unamwitikia kwa kope.

Daktari alipotueleza kwamba kifafa huweza kuzuia pumzi kwa muda, na moyo ukaenda mbio au, mara chache, ukasita, ulinigeukia: "Siku ile uliusikia moyo wangu?" Nikajibu, "Kila pigo." Moyo niliousikia ulikuwa wangu, nami sikuwa na kifafa.

Baada ya ndoa nilijifunza kubaki. Kila kilipokupata nilikulaza ubavu kama Juma, nikahesabu kwa sauti hadi pumzi irudi. Ukizinduka unauliza, "Umefika ngapi, bwana?" Siku moja nilikiri kwamba nilipotea baada ya thelathini nikaanza upya, ukacheka hadi nikahofia pumzi yako tena. Hukujua kwamba niliogopa kuliko siku ile ya kwanza. Siku ile sikuwa na wa kupoteza.

Niliwahi kumuuliza Juma kwa nini hakusema. "Nani angemwamini fundi, mwalimu yupo?" akanijibu, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Sasa amezeeka, hata tundu la sindano halioni. Sitaki afe anaitwa mwoga kwa ajili yangu, wala sitaki nimtangulie kabla hujajua ni nani aliyekutunzia pumzi yako.

Nimemwalika aje Ijumaa baada ya swala, siku utakayorudi. Ameuliza, "Mama Rehema anajua?" Nimemwambia utajua. Ukinikuta nimekufa, mfungulie mlango, mpe chai na kiti changu. Ukinikuta mzima, mpe chai vilevile. Kelele zako nitazipokea akishaondoka.

Mumeo aliyekimbia,
Baba Rehema