Geji Ilisoma Robo

Parklands, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hospitalini. Natumai wewe na mama hamjambo, na sikio lako limepata nafuu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatusikilizani.

Usishtuke, niko hai. Jumanne iliyopita nilikuwa narudisha ile ndege ndogo ya kampuni kutoka Lodwar na abiria mmoja, Tobias, mpimaji wa ardhi. Juu ya Karen injini ikakohoa, ikazimika. Niliitua ndani ya boma la farasi. Mimi nimevunjika mguu. Tobias ameumia mgongo na madaktari hawajui kama atatembea tena.

Mwenye kampuni, Bwana Lenox, ameniletea karatasi inayosema injini iliharibika. Nikitia sahihi, leseni yangu iko salama. Lakini injini ilikuwa nzima, Baba. Mafuta yaliisha.

Nishauri.

Binti yako,
Maurine

Kimilili, 9 Machi 2025

Binti yangu,

Sisi hatujambo, ila mama yako hali chakula vizuri tangu barua yako ifike.

Tia sahihi. Ulisumbuka miaka minne kuipata hiyo leseni, na huku kwetu hakuna rubani mwingine. Injini haina mdomo wa kujitetea. Kanisani nimeshawaeleza kwamba iliharibika, na wanakuombea.

Mama yako amekataa kuweka jina lake hapa.

Baba yako,
Sifuna

Waithaka, 14 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo? Mimi nimetoka hospitali, natembea kwa magongo.

Sikutia sahihi. Kabla ya kutoka nilienda wodini kwa Tobias. Nikamwambia mafuta yaliisha.

“Ulipima kabla hatujaruka?” akaniuliza.

“Sikupima. Geji ya mafuta ilisoma robo, nikaiamini. Bwana Lenox alipiga simu akasema tumechelewa, tusijaze. Lakini rubani nilikuwa mimi.”

Akaniomba nitoke. Nikatoka.

Wiki mbili zilizopita nilipanda ngazi za ofisi ya wachunguzi wa ajali za ndege mjini, orofa tatu, na magongo yangu. Nimewaambia yote. Leseni wameichukua kwa mwaka mmoja, kisha nitafanya mtihani upya. Nitaufanya. Ndege za Bwana Lenox nazo hazitaruka mpaka zikaguliwe.

Najua umekasirika. Niandikie hata hivyo.

Binti yako,
Maurine

Kimilili, 26 Mei 2025

Maurine binti yangu,

Hatujambo. Mguu unaendeleaje?

Barua yako ilinifikia zamani. Niliisoma mara moja, nikaiweka kwenye Biblia nikawa siifungui tena. Jana nilisimama kanisani nikawaambia nilichosema mwezi wa tatu hakikuwa kweli. Mafuta yaliisha, na aliyeusema ukweli huo ni binti yangu mwenyewe. Nikaketi.

Jumatano ya wiki ijayo tunakuja, mimi na mama. Tobias akikubali, nipeleke kwake. Sijui nitamwambia nini, lakini nataka kumwona.

Baba yako,
Sifuna

Na mama yako, Peres