Sahani Mbele ya Mama

Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025
Barua ya kumi na moja ya kukatala kitabu yangu! Tena «tulipenda sauti yako, lakini». Kisha hiyo «lakini» sisomake tena. Ilifika mu saa ya récréation, niko na chaki mu mukono. Batoto balirudia mu darasa, nilibapatia dictée ya nguvu, maneno magumu ya kuandika, bamaskini. Bo hawakuniandikia kintu.

Anabakia mumoja tu. Madame Christiane, ajenti wa Paris. Ajenti — ni ule mwenye kubeba kitabu yako na kuiombea fasi kwa benye kuchapisha. Iko na roman yangu, hadisi yangu yote, juma ya tatu sasa. Ninafungua telefoni kila dakika kumi. Jana hata mu misa, wakati ya kupeana amani. Bibaya.

Jumatano, tarehe 7 Mei
ALIJIBU. ANAITAKA!

Anasema alisoma fasi ya gare, pale treni inaondoka, akalia. Alilia! Mi pia nililia, mu choo ya masomo, bomba wazi juu basinisikie. Atanipigia Ijumaa tarehe 16, saa nane ya muchana.

Lakini chini kabisa ya ujumbe wake, ulizo moja. Yule mama wa mu kitabu, iko muzima? Anajua? Kwa sababu ye hawezi kupeleka kitabu ku mulango ya muntu mbele ya kujua ile.

Mama iko muzima. Iko nyuma ya huu ukuta, namusikia, anashona. Hajue kintu.

Jumapili, tarehe 11 Mei
Nilienda Ruashi kwa Tonton Floribert, ndugu mukubwa ya mama. Ye njo shibukombe ya jamaa yetu: kijana akitaka binti ya bantu, ni ye anatumwaka kuomba, na sahani ya kufunikwa mu mikono. Alisha kufungua njia ya ndoa makumi mbili na kitu.

Nilimuelezea ajenti ni nini. Alicheka mpaka akakohoa. «Kumbe ni shibukombe ya bitabu!» Kisha maulizo: alioesha bitabu ngapi? Zile ndoa zingali zinasimama? Iko na mudomo mingi? Mudomo mingi inaharibu kazi.

«Na kitabu inasema nini, mwipwa?»

Nikasema. Papa, Mukasai, muntu wa jimbo ingine. Mwaka ya 93, wakati Bakasai balifukuzwa huku kwetu, barudie kwabo na treni. Gare. Mama mwenye kukatala kupanda, mi ku mugongo yake. Treni ikaenda na papa, hatukumuona tena. Tangu pale mama hakutaja jina yake hata siku moja. Nilivyoandika, ni vile Tonton mwenyewe alinielezaka, kipande kipande. Fasi ya kukosa, nilitunga.

Hakucheka tena. «Unatafuta mwenye kukupeleka kwa bazungu. Kwa mama yako ulituma nani?»

Nilirudi na kisirani. Juu alisema kweli!

Jumanne, tarehe 13 Mei
Nilijaribu mi mwenyewe, tuko tunakula bukari.
— Mama, kuko kintu niliandika.
— Andika tu, njo kazi yako.
Nikameza tonge. Nikameza na maneno. Mwalimu mwenye kutisha batoto makumi tano!

Alhamisi, tarehe 15 Mei
Nilitosha kitabu ku mashine ya kuchapisha makaratasi, kule Kasapa, karibu na campus. Kurasa 214. Nilipelekea Tonton mu sachet nyeusi ya plastiki, akakasirika. «Kintu ya kuomba haibebwake mu sachet!» Alitafuta sahani nyeupe. Ndogo. Ingine — ndogo. Mwisho ni ile kubwa ya enamel, ya samaki ya Noeli. Akaweka kitabu, akafunika na kitambaa.

«Kama inarudi na kitabu juu, mama yako alikatala. Utapasula yote, na ule wa Paris utamuambia hapana. Unaitika?»

Nikaitika. Mbio mbio. Miaka tano ya kazi! Sijue kama nilisema kweli.

Ijumaa, tarehe 16 Mei
Saa tano. Tonton alifika na koti, veste ya brun, biatu ya kung'aa na cirage. Alipiga mikono inje kama mugeni. Mama akacheka: «Unakuya kuomba nani? Myriam? Na miaka yake makumi tatu na tatu? Umubebe leo leo!» Kisha Tonton akapiga magoti, akaweka sahani chini. Mi balinifukuza, nikae mu chumba yangu — mwenye kuombewa hakaake pale.

Saa sita. Mashine ya kushona, kimya. Nasikia makaratasi.

Saa saba. Sauti ya mama: «Nani alimuambia hii?» Tonton: «Ni mi.» Basi.

Saa nane kasoro kumi. Tonton anapita ku dirisha yangu. Mikono mitupu, bila sahani, bila kitabu! Nikamuita, akaweka kidole ku mudomo.

Saa nane kasoro tano. Mama aliniita. Iko na kitabu ku magoti, chaki ya fundi mu mukono. Kurasa za gare alizipaka mistari ya bleu, kama nguo ya kukata tena. «Leta kaye.» Hii daftari ya siku zangu njo ilikuwa karibu. Niko naandika mbele yake.

Anasema hakukuwa mvua. Ilikuwa jua kali.
Anasema papa hakuvaa kofia.
Anasema: «Na mi sikukatala. Unasikia? Floribert alifika mwisho, aliona mi chini, akawaza yake. Nilisha kupanda. Nilisha kukaa. Ni papa yako alinishusha.»

Telefoni inalia ku meza. Paris.

Mama anaiangalia, ananiangalia. Sauti yake hapunguzi.

«Ulisha kuandika ile?»

Niko naandika.

«Andika tena: alishusha kwanza mutoto.»